Kete 56 kwa watu 14, ya kujaribia haikubaki

Naandika hiki kisa kirefu kidogo maana wapo watu watatu wanne wameshaniuliza ilikuwaje lile darasa la kupamba kete za dhumna likaharibika, na kila mmoja nilimjibu kivyake, huyu nikamwambia upepo, yule nikamwambia vanishi feki, kumbe nikikaa nikatulia majibu yote mawili yalikuwa ya kujitetea tu. Basi leo naweka yote mezani.

Kwa asiyejua, dhumna ndo ile domino, Zanzibar wanaipigia barazani mpaka meza inatetemeka, huku kwetu bara drafti na karata zimeifunika kidogo. Seti ya kawaida inayoishia sita kwa sita ina kete 28. Upande mmoja una vile vitundu vya kuhesabia, mgongoni ni laini kabisa, na huo mgongo ndo tunaoutaka. Unaudondoshea wino wa spiriti, unaupuliza kwa mrija wa soda, rangi zinakimbizana zinaingiliana zinatoa kitu kama mawingu au jiwe la marumaru, ikishakauka unapaka vanishi, unatoboa juu kwa keekee ndogo, unapitisha kamba, una kidani. Ukiweka pete ya chuma ni kishika funguo, ukibandika sumaku ni pambo la friji. Hereni sishauri kwa kete nzito, masikio yatakuja kukudai.

Uzuri wa kete ni kwamba hainywi rangi. Mbao inakunywa, karatasi ndo kabisa, lakini plastiki ngumu inauacha wino ukae juu juu, spiriti ikipaa inabaki rangi peke yake. Na hapo hapo ndipo ugonjwa ulipo, kwa sababu kitu kilichoyeyuka kwa spiriti mara ya kwanza kitayeyuka tena ukikirudishia spiriti au ndugu zake. Hili nilikuwa nalijua. Kulijua na kulikumbuka siku yenyewe ni vitu viwili.

Wino wa dukani ule wa chupa ndogo ndogo bei yake haishikiki, kwa hiyo nilitengeneza mwenyewe kwa maka peni zile zisizofutika. Unang'oa kitako kwa koleo, unatoa ule utambi wa ndani umelowa wino, unaukata vipande unavitumbukiza kwenye kichupa cha dawa ya maji kilichooshwa kikakauka, unamimina spiriti kama mililita 20 unaacha usiku mzima. Chukua spiriti nyeupe, ile ya zambarau itakuharibia njano yote. Njano yenyewe ilinila maka mbili maana ya kwanza ilitoka kama chai ya hospitali.

Darasa lilikuwa Jumamosi baada ya Nane Nane, hapa Dodoma mtaa wa Area C, kwenye baraza la nyumba ya rafiki yangu, ada elfu 25 kwa kichwa, na waliolipa walifika 14. Nikapiga hesabu: seti mbili ni kete 56, gawa kwa 14, kila mtu nne kamili, haibaki hata moja. Jamani nilifurahi! Niliiona hiyo hesabu kama ishara kwamba mambo yamenyooka. Sasa hivi nikiitazama naona ndo kosa la kwanza na pengine ndo lililozaa mengine yote, lakini twende taratibu.

Seti ya kwanza mshkaji alinichukulia Kariakoo akaja nayo kwenye treni ya SGR, kete nzito, ukizigonganisha zinalia kama vikombe vya kahawa. Duka lile lilikuwa na moja tu, kwa hiyo ya pili nikanunua hapa mjini, ukubwa ule ule, rangi ile ile ya maziwa, nikaona nyepesi kidogo lakini nikasema plastiki ni plastiki. Asubuhi nikazimwaga zote kwenye beseni, migongo juu, nikachanganya kama tunaanza mchezo, kila mtu akachota nne zake. Watu walicheka walifurahi, na mimi nikawa nimeshachanganya vitu viwili tofauti bila alama yoyote.

Ukutani nilitundika ubao wenye kete zangu sita nilizozitengeneza mwezi wa sita, zinang'aa kama pipi. Picha ya huo ubao ndo iliyowaleta watu. Ushikilie huo ubao, tutaurudia.

Tulianza saa tatu na nusu. Nusu ni wafanyakazi wa serikali waliokimbia kufua Jumamosi, kuna vijana wawili wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, dada mmoja anauza shanga na vikapu, na mama mmoja mtu mzima kutoka Kondoa anayekaa mtaa wa Kikuyu hapa mjini kwa binti yake. Wengi tulimpa shikamoo mama, kijana mmoja wa Kigogo akamrushia "Mbukwenyi!" mama akaitikia huku anacheka, mimi ni Mrangi mwanangu lakini nimepokea.

Saa ya wino ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, ingawa Dodoma mwezi wa nane hewa ni kavu na spiriti inapaa kabla hujamaliza kupuliza, tone linakauka na ukingo mkali kama ramani. Dawa yake ni kudondosha tone la spiriti tupu kwanza halafu rangi juu yake, unapata sekunde chache za ziada. Wengine waliipenda ile ramani wakaiacha hivyo hivyo.

Mama wa Kondoa alikuwa ametoka kula maandazi. Niliwaambia wafute kete kwa pamba yenye spiriti kwanza, yeye akafuta, halafu akaishika tena kwa kidole gumba kuiangalia kwenye mwanga. Akadondosha nyekundu, nyekundu ikatambaa pande zote ikafika pale penye mafuta ikagoma, ikazunguka. Ilipokauka katikati ya wekundu pamebaki alama ya gumba nyeupe, mistari yote unaihesabu, hadi kakovu kadogo ka kisu upande wa kushoto. Nikamwambia mama samahani hiyo tuifute uanze upya. Akaivuta kwake. "Iache. Hii ni yangu, hata nikiibiwa polisi watajua." Baraza zima likaangua kicheko.

Kwenye hizo nyingine tatu alichora watu warefu wembamba kwa ncha ya kijiti, wale wa Kolo. Kama hujawahi kwenda, ukiwa unatoka Dodoma kwenda Babati, ukishapita Kondoa mjini kuna hiyo Kolo, kwenye mapango yake kuna michoro myekundu ya watu na wanyama, Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951 na UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Mama amekulia maeneo hayo, kwake ile ni michoro ya porini walipokuwa wanachunga mbuzi. Alichora haraka haraka bila kuinua kijiti, vichwa kama mafungu ya nyasi. Mimi mwalimu nikabaki naangalia.

Kufika saa saba wino ulikuwa umekauka ukigusa. Chai ikaja, jiko la mkaa nikalisogeza nyuma ya nyumba kabisa maana spiriti na moto havikai baraza moja, tukanywa, tukaingia kwenye vanishi.

Vanishi niliinunua Ijumaa jioni hardware, ile ya kupakia fanicha inayokauka haraka, na muuzaji akanipa na thina ya kulainishia. Nikalainisha, nikagawa brashi.

Dakika mbili hazikupita, mama akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kukuaibisha. "Mwanangu, hii yangu inatoka jasho."

Nikaenda. Kweli, wekundu unatembea. Wale watu wa Kolo miguu yao imeanza kurefuka mpaka ukingoni, brashi imegeuka ya pinki. Nikageuka nimwambie apake taratibu nikasikia upande wa pili "madam, yangu inanata", na kijana wa UDOM ananyanyua gazeti na kete imeng'ang'ania chini, na alipoibandua maandishi ya michezo yamebaki mgongoni yanasomeka kinyume. Halafu kama vile haitoshi upepo ukakata kona ya nyumba na vumbi lake, unalijua vumbi la Dodoma, likatua juu ya vanishi mbichi kwenye meza nzima. Kila kete ikawa na ngozi ya msasa.

Hapo ndo nilisema neno nililolijutia. Nilisema "ni huu upepo jamani." Watu wakakubali, maana upepo walikuwa wanauona kwa macho. Darasa likaisha saa kumi watu wana kete nne nne zenye jasho na vumbi, wananiaga kwa upole, na ule upole ndo ulionikosesha usingizi.

Jumapili nikaanza kuchimba. Watu tisa walikuwa wameniachia kete zao niziangalie, kwa hiyo nilikuwa na 36 mkononi. Nikazipanga na nikaona kitu ambacho jana sikukiona: hazikuharibika kwa namna moja. Zipo ambazo rangi imetembea ila chini ni ngumu, ukikwangua kwa ukucha hakuna kitu. Na zipo ambazo sura yenyewe imelainika, mistari ya brashi imechimba ndani ya plastiki, vumbi limezama humo. Vumbi lilikuwa kwa wote. Kwa hiyo upepo ulikuwa na kosa lake, lakini upepo hauyeyushi plastiki.

Nikazigonganisha. Moja inalia kikombe, moja inalia kijiko cha plastiki. Masikio yangu tayari yalikuwa yanajua, ila nilitaka kuhakikisha, nikachukua jagi la maji nikatia chumvi nikakoroga nikatia nikakoroga mpaka chumvi ikagoma kuyeyuka chini, nikatumbukiza kete zote mbili. Kwenye maji ya kawaida zote zilizama. Kwenye maji ya chumvi ile ya Kariakoo ikaenda chini moja kwa moja, ile ya pili ikaelea kama ganda la yai. Hizi nyepesi ni ile plastiki ya polistireni, familia moja na visanduku vya CD na vikombe vile vya kuvunjika vunjika, uzito wake umezidi maji kidogo sana ndo maana chumvi inaiinua. Polistireni spiriti inaivumilia, lakini thina na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha vinaila. Nikamalizia kwa pamba yenye asetoni: nyepesi ikanata papo hapo, nzito haikujali.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili kwenye beseni moja. Thina iliamsha wino kwenye kete zote, hilo la kwanza. La pili, ikazila zile nyepesi zenyewe. Na kwa kuwa nilichanganya, mtu mmoja alikuwa na mbili za hivi na mbili za vile, anapaka kitu kile kile anapata matokeo mawili, ananiuliza kwa nini, namjibu upepo.

Sasa ule ubao. Nilijiuliza mbona zangu sita zimetulia? Nikakaa nikakumbuka. Zile sita zilitoka kwenye seti kuukuu ya marehemu babu, nzito. Nilizipaka vanishi ya maji, kopo lililobaki kwa rafiki aliyepaka rangi chumba cha mtoto. Niliziacha wino ukauke siku tatu kwa sababu tu nilisafiri kwenda Singida. Na nilizipakia chumbani madirisha yamefungwa. Kete tofauti, vanishi tofauti, muda tofauti, chumba tofauti. Yaani kile nilichowaonyesha watu na kile nilichowapa mkononi havikuwa na uhusiano wowote zaidi ya kuitwa dhumna. Watu 14 walilipa kwa ajili ya kitu ambacho mimi mwenyewe, kwa vifaa vile vya siku ile, sijawahi kukitengeneza hata mara moja.

Na ningewezaje kukitengeneza? Kete zilikuwa 56 na watu 14. Ningechukua moja tu Ijumaa usiku nikaipaka ile vanishi, ningeona jasho nikiwa peke yangu na ningeahirisha. Lakini nikichukua moja mtu mmoja angepata tatu, na ile hesabu yangu nzuri ingeharibika, ndo hivyo.

Jumatatu nikawaandikia wote ujumbe mmoja, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa kwa kifupi, nikasema aliyetaka pesa yake arudishiwe na aliyetaka darasa la marudio aje bure. Wawili walichukua pesa, hawakusema neno baya. Mmoja wa vijana wa UDOM aliniuliza kama ile yenye maandishi ya gazeti anaweza kuiacha hivyo hivyo maana wenzake wameipenda. Kuna watu wameumbwa na roho nzuri.

Kuokoa kete zenyewe haikuwa kazi ngumu ila ya kuchosha. Nzito zilitolewa vanishi kwa thina nje penye hewa, glavu mkononi, halafu spiriti, zikarudi nyeupe kama zimezaliwa leo. Nyepesi hapana, thina marufuku, nilizisugua kwa msasa namba 400 ndani ya maji, kisha 1000, mpaka vidole vikakunjamana. Kama nne hivi zilikuwa zimechimbika sana nikazifanya za kutobolea, na hapo nikajifunza jingine: kwenye nyepesi ukiikimbiza drili plastiki inayeyuka inajisokota kwenye keekee, nenda polepole na kipande cha mbao chini, nzito ukikandamiza inapasuka pale inapotokea upande wa pili.

Marudio yalikuwa wiki tatu baadaye, wakaja kumi na wawili. Nilinunua seti ya tatu, kete 28 za kuharibu tu. Nzito na nyepesi nikaziweka kwenye mabeseni mawili na jagi la maji ya chumvi mezani, kila mtu ajipimie mwenyewe. Kabla mtu hajashika brashi nikachukua kete moja nyepesi yenye wino mzuri kabisa, nikaipaka ile ile vanishi ya fanicha mbele yao. Ikatoka jasho, ikanata, dada wa shanga akasema "aaa kumbe!" na nafikiri ile kete ya kuharibika iliwafundisha kuliko ubao wangu wote. Ubao wenyewe siku hiyo haukuwepo. Niliwapa kete tatu nilizozitengeneza Alhamisi kwa vifaa vile vile vilivyokuwa mezani, hazing'ai kama pipi, lakini ni za kweli.

Tukagawa kazi siku mbili, Jumamosi wino, Jumapili mchana vanishi ya maji, ndani, tabaka tatu nyembamba. Nyembamba kweli, maana hata hiyo ya maji ukiimwaga nzito kwa wino wangu wa maka inachukua rangi kidogo. Kila tabaka likipakwa kete zinafunikwa na boksi la maji ya chupa lililopinduliwa, vumbi likae huko huko kwake. Mama wa Kondoa alirudia watu wake wa Kolo, ila ile ya gumba alikataa nisiisafishe, na kwa bahati ilikuwa nzito na siku ile ya kwanza hakuwa ameifikia kwa vanishi. Tukaipaka ya maji tabaka tatu, gumba likabaki na kovu lake.

Kuna jambo moja halijaisha. Wino wa maka ni rangi ya kuyeyuka, sio udongo. Wale wa mapango ya Kolo walitumia udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, jua haliupi shida. Nikataka kujua wetu unavumilia kiasi gani, nikaweka kete nne dirishani, nusu ya kila moja nimeifunika na karatasi ya foili, jua la Dodoma lifanye kazi yake. Wiki ya sita nimefunua. Bluu ipo vile vile kwa macho yangu. Nyeusi ipo. Njano siwezi kusema maana ilianza ikiwa dhaifu. Nyekundu upande wa jua imeshakuwa rangi ya juisi ya ubuyu iliyozidiwa maji.

Na juzi mama kanitumia picha. Ile ya gumba kamtobolea mwanae, kijana kaining'iniza kwenye kioo cha mbele cha bajaji, inacheza cheza juani maeneo ya Sabasaba hapa mjini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Chini kaandika: "Mwanangu naona inazidi kupendeza." Sijamjibu bado. Nimetenga kete mbili na kopo la vanishi, nikipata udongo mwekundu wa kusaga nitamfuata Kikuyu na maandazi.